Tumetenga fedha za kusaidia sayansi na masomo ya tabianchi katika shule tatu: tuzitumieje?

Mnunuzi wa kahawa, Kasese

Salaam, ndugu zangu. Mimi na wenzangu wanne tunaendesha kampuni ya kununua kahawa mbivu ya arabika kwa wakulima wa miteremko ya milima ya Rwenzori, huku magharibi mwa Uganda, kuimenya, kuiosha na kuikausha. Tumekubaliana kutenga fedha kila mwaka kwa ajili ya shule tatu za sekondari zilizo jirani na vituo vyetu, na tungependa ziende kwenye sayansi, hasa mafunzo ya mabadiliko ya tabianchi, kwa sababu jambo hilo huku kwetu halihitaji kusimuliwa. Mto Nyamwamba ulifurika Mei 2013, ukafurika tena Mei 2020 na kuibomoa hospitali ya Kilembe. Na barafu ya mlimani, ambayo mwaka 1906 ilikadiriwa kufunika kilomita za mraba zipatazo 7, mwanzoni mwa karne hii ilikuwa imebaki kama kilomita moja tu.

Mwenzangu mmoja anataka tujenge maabara na kuandika jina la kampuni ukutani. Mimi nasita. Katika shule moja kati ya hizo tatu nilikuta maabara iliyojengwa na mfadhili mwingine, imetiwa kufuli, mabomba yake hayatoi maji na chupa za kemikali ni tupu. Msichana mmoja anayetumia kiti cha magurudumu aliniambia kwamba tangu aanze kusoma pale hajawahi kuingia ndani, kwa kuwa mlangoni pana ngazi tatu. Naomba ushauri wa walimu na wa yeyote aliyewahi kufanya kazi hii: kampuni ya kadiri yetu ifanye nini ili wanafunzi wote wafaidike, na si wale wachache ambao wangefaulu hata bila sisi?

Mwalimu wa fizikia, Mbale

Ndugu, kusita kwako kuna msingi. Maabara mara nyingi hufungwa kwa sababu ya vitu vidogo vinavyokwisha: asidi, betri, gesi ya kuwashia moto, karatasi za kuchujia, na mshahara wa mtu wa kuviandaa vifaa kabla ya kipindi na kuviosha baadaye. Mfadhili hupenda kulipia kile kinachopigwa picha siku ya uzinduzi, na hakuna anayekuja kupiga picha chupa ya asidi iliyojazwa upya. Kama mngeniuliza mimi, ningesema mlipie vitu hivyo kila muhula kwa miaka mitano, kwa mkataba ulioandikwa, badala ya kuweka fedha zote kwenye matofali ya mwaka mmoja.

Hata hivyo, nadhani mna kitu cha thamani kuliko fedha zenu, nacho ni daftari za manunuzi. Kampuni inayonunua kahawa mbivu huandika tarehe ya mzigo wa kwanza wa kila msimu, uzito wake, kijiji ulikotoka, na pengine kimo cha kijiji hicho mlimani. Kama mmezitunza za miaka kumi na mitano, wapeni wanafunzi nakala zake, mkifuta majina ya wakulima. Wachore grafu na wajiulize kama mavuno yanaanza mapema kuliko zamani, au kama vijiji vya chini vinatofautiana na vya juu. Halafu mwalimu awaulize swali gumu zaidi: je, mkulima hawezi kuchelewesha kahawa akingoja bei ipande? Je, ununuzi haukuweza kuanza mapema kwa sababu tu mlifungua kituo kipya? Mwanafunzi akianza kutilia shaka takwimu zake mwenyewe namna hiyo, hapo amekwisha kuanza kufanya sayansi. Vilevile ataelewa kwa nini wataalamu hutumia wastani wa miaka 30 wanapozungumzia tabianchi, na kwa nini msimu mmoja wa ukame hauthibitishi lolote peke yake.

Hili linaingia vizuri katika mtaala mpya wa sekondari ulioanza mwaka 2020, ambao unadai kazi za miradi, na alama za kazi za shuleni huchangia asilimia 20 ya matokeo ya mwisho ya mtihani wa UNEB, yaani baraza la mitihani la Uganda. Walimu wengi tunahangaika kutafuta miradi ya kweli, na matokeo yake wanafunzi wanatengeneza sabuni ya maji mwaka baada ya mwaka. (Sina ugomvi na sabuni, lakini tumekwisha kuoga vya kutosha.)

Jambo la mwisho ni la kuwajaribu ninyi wenyewe. Maji mnayooshea kahawa yana sukari na utomvu wa tunda. Yakichacha huwa na asidi, na yakiingia mtoni, vijidudu vinavyoyaozesha hutumia hewa ya oksijeni ambayo samaki na wadudu wa majini wanaihitaji. Waruhusuni wanafunzi wayapime kabla hayajaingia kwenye shimo la kuyasafishia na baada ya kutoka humo. Petali za hibiskasi nyekundu zilizochemshwa hutoa rangi inayobadilika kwa asidi na kwa magadi, kwa hiyo gharama isiwe kisingizio. Kama kampuni haiko tayari kusikia majibu ya kipimo hicho, basi heri ijenge tu lile jengo lenye jina.

Mwalimu wa kemia, shule ya viziwi

Nakubaliana na mwalimu wa Mbale, ila nimeona kwamba mpango wake mzuri wote unamchukulia mwanafunzi kuwa anasikia, anaona na anatembea. Mwuliza ameuliza kuhusu wanafunzi wote, kwa hiyo naomba tukae hapo kidogo.

Wanafunzi wangu wamewahi kupelekwa kutembelea kiwanda. Mwenyeji wetu, mtu mkarimu sana, alieleza mashine ikiwa inazunguka, huku akiinyooshea kidole na kuendelea kuzungumza. Kiziwi hawezi kutazama mikono ya mkalimani na mashine kwa wakati mmoja. Aliyechagua mashine alikosa maelezo, na aliyechagua mkalimani alirudi nyumbani bila kuiona mashine. Dawa yake haina gharama: onyesha kwanza, nyamaza, ngoja macho yao yarudi kwa mkalimani, ndipo ueleze. Waelekezeni wafanyakazi wenu hivyo kabla ya ziara yoyote, na mlipe wakalimani wawili, kwa sababu mmoja huchoka.

Kitu kingine kinachoweza kulipiwa na kampuni ni istilahi. Katiba yetu ya mwaka 1995 inaitaka serikali kuendeleza lugha ya ishara, lakini mimi darasani bado naandika neno la sayansi herufi kwa herufi kwa vidole, kisha kila darasa linajibunia ishara yake. Fedha za nauli na chakula za kuwakutanisha walimu na vijana viziwi kwa siku chache, wakubaliane ishara za maneno hamsini ya tabianchi na kuzirekodi kwa simu, ni ndogo kuliko gharama ya kupaka rangi ukuta mmoja.

Kuhusu yule msichana: ngazi tatu za sentimita 15 kila moja ni kimo cha sentimita 45, na kipimo cha kawaida cha njia ya mteremko ni sehemu 12 za urefu kwa sehemu 1 ya kimo, kwa hiyo anahitaji njia ya mita 5.4. Fundi wa kijijini anaijenga kwa siku chache. Lakini msimalizie mlangoni. Ndani kuna meza ambayo huenda inamfikia kidevuni, na asidi iliyo usawa wa uso ni hatari. Ikatwe meza moja iwe fupi. Na kabla ya kununua chochote, mumwulize yeye mwenyewe. Nimeona vifaa vingi vya walemavu vilivyonunuliwa bila mlemavu hata mmoja kuulizwa.

Mwalimu mkuu mstaafu, Busia

Naomba nitofautiane kidogo na wenzangu, maana naona maabara inaanza kuhukumiwa. Mitihani ya vitendo ya fizikia, kemia na baiolojia ipo, na mtoto anayeshika bureti, ule mrija wa kupimia vimiminika, kwa mara ya kwanza siku ya mtihani hana bahati. Maabara iliyofungwa isiachwe: ifunguliwe, irudishiwe maji kwa tangi la kuvuna mvua, ijengewe njia ya kiti cha magurudumu, ndipo yaje mengine. Ongezeni sharti moja: katika kila kundi, msichana na mvulana wabadilishane kushika vifaa. Nimesimamia vipindi vya vitendo kwa miaka mingi, na karibu kila mara nilikuta mvulana anapima na msichana anaandika.

Mhasibu, Kampala

Mwuliza hakugusia kodi, lakini wenzake watamwuliza. Sheria ya Kodi ya Mapato inaruhusu mchango uliotolewa kwa taasisi iliyosamehewa kodi kupunguzwa kwenye mapato yanayotozwa kodi, mradi usizidi asilimia 5 ya mapato hayo. Kampuni yenye mapato ya shilingi milioni 200 yanayotozwa kodi inaweza kupunguza hadi milioni 10, na kwa kiwango cha kodi cha asilimia 30 itaokoa milioni 3. Sharti ni kwamba taasisi inayopokea iwe imetambuliwa kwa maandishi na Mamlaka ya Mapato kuwa imesamehewa. Kuwa shule peke yake hakutoshi, kwa hiyo ombeni nakala ya barua hiyo kabla ya kutoa fedha. Wafanyabiashara wadogo wenye mauzo yasiyofikia milioni 150 kwa mwaka, ambao hulipa kodi kwa kufuata mauzo, hawapati punguzo hili.

Ushauri wangu mwingine ni kwamba fedha zitolewe mwanzoni mwa kila muhula, kwa stakabadhi, na kamati ya wazazi ione hesabu.

Mwalimu, makazi ya wakimbizi ya Kyangwali

Naongeza suala la lugha. Darasani kwangu wamo watoto kutoka Kongo waliosoma kwa Kifaransa na Kiswahili, na hapa wanakutana na sayansi kwa Kiingereza. Mtoto anajua vizuri mmomonyoko wa udongo, ameuona ukila shamba la mama yake, lakini anapata sifuri kwa sababu hakulielewa swali. Kampuni ya huko Kasese, mpakani kabisa, inaweza kugharimia kijitabu cha maneno ya sayansi kwa Kikonjo, Kiswahili na Kiingereza. Wafanyakazi wenu wanaopima unyevu wa kahawa na wazee wanaojua majina ya mvua za kila msimu wangekuwa washauri wazuri kuliko mfasiri wa mjini.

Mnunuzi wa kahawa, Kasese

Nashukuru sana, walimu wangu. Daftari tunazo tangu mwaka 2009, ingawa mbili zililowa katika mafuriko. Nimezungumza na mwenzangu wa maabara. Amekubali tuifungue ile ya zamani na kuanza na njia ya mteremko, na kuhusu maji yetu machafu ameomba muda wa kufikiri, jambo ambalo nimelielewa maana yake. Nina swali moja lililobaki. Tungependa kila shule iwe na kipima mvua, lakini shule moja ina wanafunzi wawili wasioona. Watasomaje kipimo?

Mwalimu wa fizikia, Mbale

Msinunue cha kioo. Tafuteni kopo lililonyooka lenye mdomo wa kipenyo cha sentimita 11.3. Eneo la mdomo huo ni sentimita za mraba 100, kwa hiyo kila milimita moja ya mvua huingiza humo mililita 10 za maji. Asiyeona atayavuta maji kwa bomba la sindano la mililita 10, ambalo mmelichonga alama ya kupapasa kwenye mpini, na atahesabu: bomba moja likijaa ni milimita moja. Kopo liwekwe mbali na mti au jengo, umbali usiopungua mara mbili ya kimo cha kitu hicho, na lipimwe kila siku saa tatu asubuhi, hata siku ambazo hakukunyesha, kwa sababu sifuri nayo huandikwa. Wiki ya kwanza asiyeona apime na mwenzake aandike. Wiki inayofuata wabadilishane, yeye aandike kwa breli.