Chuma cha paja kimekatika mwilini: nani adaiwe, na kwa ushahidi gani?

Muulizaji: Wakuu, habari. Mgonjwa wa ajali ya boda boda aliwekewa bamba la chuma pajani, na skrubu nane, katika hospitali binafsi Kampala. Mwezi wa saba baada ya upasuaji bamba limekatika. Hospitali inasema alikanyaga mapema, ndugu wanasema chuma ni feki. Anafunguliwa tena wiki ijayo. Afanye nini?

FundiMetali: Chuma kwanza, wakili baadaye. Kabla ya kuingia thieta aandike barua kwamba vyuma vyote vitakavyotolewa akabidhiwe yeye, na nakala yake igongwe muhuri. Vioshwe na kuchemshwa kwa mvuke, basi. Visisuguliwe kwa brashi ya waya, na mtu asijaribu kuvirudishia vipande viwili kuona kama vinaingiana, maana pale palipokatika ndipo penye ushahidi. Chuma kilichochoka polepole huacha mistari iliyofuatana, kama ile ambayo maji ya ziwa huacha mchangani. Kila kipande kikae kwenye chombo chake, na majina ya waliokishika yaandikwe.

Ila ssebo (bwana), kukatika peke yake hakuthibitishi kasoro. Bamba hushikilia mfupa hadi uunge. Usipounga, hata bamba zuri huchoka, mara nyingi penye tundu la skrubu lililoachwa wazi juu ya mvunjiko. Ndiyo maana picha za eksirei za kila ziara, zenye tarehe, zina uzito kuliko maneno ya ndugu. Kwenye ripoti ya upasuaji tafuta stika yenye namba ya LOT, yaani namba ya kundi lililotengenezwa pamoja. Kama bamba lilitoka kwenye trei ya pamoja, ile ya vyuma vya wagonjwa wengi, stika huenda isiwepo. Angalia namba iliyochongwa kwenye bamba lenyewe.

WakiliMdogo: Njia ni mbili: uzembe, na mkataba kwa Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa na Utoaji wa Huduma ya 2017, inayotaka bidhaa ifae kwa kazi yake. Aidai hospitali, na amdai pia aliyeingiza chuma nchini. Kumfuata mtengenezaji ng'ambo ni gharama kubwa. Kesi ya uzembe uliomjeruhi mtu ina miaka 3 tu. Madai yasiyozidi shilingi milioni 50 huenda kwa Hakimu Mkuu, yakizidi ni Mahakama Kuu. Na wakili akikuomba asilimia ya fidia, huyo amevunja kanuni za uwakili.

Muulizaji: Ingekuwa hospitali ya serikali?

WakiliMdogo: Muda unashuka hadi miaka 2, na notisi ya siku 45 kwa serikali hutangulia kesi. Faili la mgonjwa liombeni kwa Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2005. Wana siku 21 kujibu.

Nesi_Jinja: Pelekeni taarifa NDA pia (Mamlaka ya Taifa ya Dawa), namba ya LOT ikiwemo, ili kundi zima lifuatiliwe. Baraza la Madaktari nalo humwadhibu daktari, lakini halilipi fidia. Wengi huishia hapo wakidhani wameshafungua kesi, huku miaka yao 3 inakwisha.