Kinu cha nyuklia pwani ya jirani: sisi wa Pemba tutaulizwa lini?

Mvuvi wa Micheweni (mwanzilishi wa mjadala)

Assalaam alaykum ndugu zangu. Jambo hili kila likizungumzwa, huzungumzwa kama kwamba bahari imejengewa ukuta katikati. Naona tulilete kwetu.

Mnajua habari ya Uyombo, kule Kilifi. Serikali ya Kenya ilipanga kujenga hapo kinu cha nyuklia cha megawati 1,000, jirani na msitu wa Arabuko-Sokoke na hifadhi ya bahari ya Watamu. Wenyeji wakakataa, na 2024 wakaandamana. Baadaye macho yakageukia Siaya, upande wa Ziwa Victoria, na wapo walioshusha pumzi wakasema yamekwisha. Mimi sijashusha. Kinu kinataka maji mengi ya kupozea, na pwani ndiko maji yasikokwisha. Na kwetu wenyewe, Julai 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua kiwanda cha majaribio cha kuchakata urani, madini ambayo ndiyo kuni ya kinu, ya Mto Mkuju, Namtumbo. Mwenye kuni uani haachi kufikiria jiko.

Suali langu ni hili: kinu kikijengwa popote baina ya Lamu na Mtwara, Mzanzibari ana kauli gani? Mazingira si jambo la Muungano. Sisi tuna sheria yetu ya mazingira ya 2015 na mamlaka yetu ya kuyasimamia, ZEMA. Bara wana NEMC, Kenya wana yao. Tathmini ya athari za mazingira ataifanya mwenye ardhi. Mwenye kuvua ataitwa kikao gani?

Kutoka ncha ya Pemba hadi Uyombo hakufiki kilomita 200. Wakojani, wavuvi wa kisiwa cha Kojani, wanaokwenda dago (kambi ya uvuvi) Kenya hawaihesabu hiyo kuwa safari. Na upepo wa kaskazi ukianza kuvuma, Disemba hadi Machi, hutoka huko ukaja kwetu.

Msinielewe vibaya. Najua kinu si bomu, urani yake hairutubishwi kiasi cha kulipuka kama bomu. Ninachokiogopa mimi ni umeme kukatika. Fukushima, Japani, tarehe 11 Machi 2011, tetemeko lilipopiga vinu vilijizima vyenyewe kama vilivyotakiwa. Lakini kinu kikizimwa hakipoi siku hiyo. Kinaendelea kutoa joto kwa miezi, maji lazima yazunguke, na maji huzungushwa kwa umeme. Tsunami ikaja ikazamisha majenereta, pampu zikasimama, vijiti vya urani vikayeyuka.

Ndugu zetu wa Unguja walikaa gizani miezi mitatu, tangu Disemba 2009, kwa sababu njia moja tu ya umeme kutoka Bara iliharibika. Wakati ule sisi Pemba tulikuwa bado tunategemea majenereta ya Wesha, na kila aliyekuwapo anajua yalivyokuwa. Giza hilo lilitupa mitungi ya maji kichwani na samaki walioharibika. Mwenye kinu giza kama hilo litampa nini?

Fundi umeme, Unguja

Wa alaykum salaam. Hofu yako ina msingi, lakini umeipimia kwa vinu vya zamani. Vile vya Fukushima ni vya miaka ya 1970. Miundo ya sasa mingine huwekewa tangi la maji juu ya kinu. Umeme ukikatika maji yanashuka kwa uzito wake, bila pampu na bila mtu kugusa kitu, kwa saa 72. Nimefanya kazi na majenereta nusu ya umri wangu, na nakwambia mashine isiyohitaji jenereta ndiyo mashine ninayoiamini.

Afrika Kusini wana Koeberg, kituo cha nyuklia kilomita kama 30 kutoka Cape Town, inazalisha umeme tangu 1984. Misri wanajenga chao El Dabaa. Na moshi wa dizeli na makaa unaua watu kila mwaka duniani bila ya mtu kuandamana. Mnaona chumvi ilivyoingia mashambani Kisiwa Panza? Hiyo ni bahari inayopanda, na bahari inapanda kwa sababu ya huo moshi. Tukikataa makaa, tukakataa nyuklia, na jua likizama saa kumi na mbili na nusu, tutawasha nini hospitali?

Ninaposita mimi ni kwenye gridi, yaani mtandao wa umeme wa nchi. Kanuni ya mafundi ni kwamba mtambo mmoja usizidi kama sehemu moja ya kumi ya gridi nzima, maana ukizimika ghafla unaangusha vyote. Matumizi ya juu kabisa ya Kenya ni megawati elfu mbili na mia kadhaa. Kinu cha 1,000 humo ni kumpandisha mtu mzima juu ya ngalawa ya mtoto. Agosti 2023 Kenya karibu yote ilizimika, na kinu hakikuwepo.

Mkulima wa mwani, Pemba

Mwanangu fundi, umesema vizuri, lakini hiyo Koeberg usiniletee. Inakunywa maji ya Atlantiki, mkondo wa baridi. Maji yetu sisi tayari ni ya moto.

Nyote mnazungumza mionzi, kitu tusichokiona. Mie nakuambieni joto, maana nimelishika kwa mikono yangu. Mwani wa kottonii ndio wenye bei. Tulioulima zamani tunakumbuka ulivyokuwa unanenepa. Maji yalipozidi moto ukaanza kupauka, ukalainika, ukakatika kambani, na leo wengi tumebaki na spinosamu wa bei ya chini. Hayo ni kwa digrii chache tu, na hakuna kinu hata kimoja. Sasa nimeelezwa kuwa katika joto lote la kinu, thuluthi moja tu ndiyo inayogeuka umeme, na thuluthi mbili zinatupwa. Kinu cha pwani kinazitupa wapi? Baharini. Hiyo si ajali, hiyo ndiyo kazi yake ya kila siku kikiwa kizima na salama.

Na jengine la soko. Agosti 2023 Japani walipoanza kumwaga baharini maji ya Fukushima yaliyosafishwa, China ilizuia samaki wote wa Japani, na wavuvi wakabaki na bidhaa mikononi. Vipimo vilikuwa chini ya kiwango, lakini mnunuzi haogopi kipimo, anaogopa jina. Likisemwa tu "mwani wa karibu na kinu", nani atatununulia?

Mpemba wa Kilifi

Salamu kutoka huku. Naomba msitusemee kuwa sote tumekataa. Wapo vijana wanaotaka ajira ya ujenzi, na siwalaumu, maana samaki wamepungua na nyumba zinataka kula. Wapo waliokataa kufa na kupona. Lakini sisi wenye asili ya Pemba tumetambuliwa rasmi nchini Kenya 2023 tu, baada ya vizazi kadhaa. Mtu aliyeishi bila kitambulisho hana hati ya kiwanja, na fidia hulipwa kwa hati. Hata mwenye kitambulisho, bahari aliyoivua babu yake haina hati. Ukimhamisha mvuvi umbali wa kilomita 20 kutoka kwenye maji hukumhamisha, umemfuta kazi.

Fundi umeme, Unguja

Shikamoo mama wa mwani. La joto umenishinda, sikulifikiria hivyo. Ila niliweke sawa: joto la Kilifi halifiki Pemba. Mkondo wa pwani yetu unakwenda kaskazini, maji yanatoka kwenu kwenda kwao. Hofu hiyo iwekeni akiba siku mtakaposikia Tanga au Pangani. Hapo mkondo wa Pemba, ile bahari baina yenu na Bara, uko mlangoni kabisa.

Mvuvi wa Micheweni

Bi wa mwani, Allah akulipe. Umenionesha kitu nilichokipita.

Fundi, nakukubalia kwamba mashine za leo ni bora. Lakini sikupata jibu la mtu anayesimamia mashine. Septemba 2011 meli ya MV Spice Islander I ilitoka Unguja kuja kwetu ikiwa imejaa kupita kiasi. Sheria ya idadi ya abiria ilikuwepo, na wa kuhesabu alikuwepo. Hakuna nyumba ya Pemba isiyojua ilivyozama karibu na Nungwi. Ukiniambia "kanuni zitasimamiwa", mimi nakumbuka gati ya Malindi usiku ule.

Kwa hiyo ninachotaka ni kidogo na kinawezekana leo. Tupimwe sasa, kabla ya kinu chochote. Samaki, mwani, pweza, tope la mikoko, maji ya visima, kaskazi na kusi, na matokeo yabandikwe kwa sheha kila mtu asome. Nchi ina Tume ya Nguvu za Atomu, inapima mionzi kwenye vyakula vinavyoingia na kutoka, basi vifaa vipo. Moshi wa kinu cha Chernobyl, Ukraine, kilicholipuka Aprili 1986, uliangukia malisho ya Wales, Uingereza, zaidi ya kilomita 2,000 kutoka kinuni, na kondoo wa huko waliwekewa masharti hadi 2012. Wafugaji wale walikuwa na wa kuwapimia, ndipo wakajua na wakadai. Sisi bila ya kipimo cha kabla, tutakwenda kudai na nini?

Baada ya sala ya Ijumaa nitaonana na wavuvi wa Tumbe na Shumba Mjini tuandike barua kwa mwakilishi wetu, alipeleke Barazani suali la nani anatusemea kwenye tathmini za jirani. Fundi, niandikie kifungu cha vipimo, vitu gani vipimwe na mara ngapi kwa mwaka. Bi, wewe tuwekee la joto kwa maneno yako hayo hayo, usiyapunguze.