Sola ya nyumbani: betri mbili za jeli za 200Ah au moja ya lithiamu?

Muulizaji: Wadau, habari za jioni. Nipo Morogoro, umeme wa TANESCO ninao, ila ukikatika usiku kila kitu kinazima. Nataka betri ibebe friji ndogo, taa 6 za wati 9, TV ya wati 80 na ruta, kuanzia saa 12 jioni mpaka saa 1 asubuhi. Inveta (ya kugeuza umeme wa betri uwe kama wa TANESCO) ni 24V, wati 1,500. Paneli wati 600. Nichukue jeli mbili za 12V 200Ah au lithiamu moja ya 25.6V 100Ah? Na nilipe taslimu au kwa awamu?

Jibu 1: Mkuu, piga kwanza hesabu ya usiku. Taa kwa saa 5 ni 270Wh (wati mara saa), TV saa 4 ni 320, ruta ya wati 10 ni 130. Friji usiamini kibandiko: usiku mmoja zima vingine vyote, soma yuniti za LUKU jioni na asubuhi. Tuseme imekula yuniti 0.6, yaani 600Wh, jumla 1,320Wh. Jeli mbili zina 4,800Wh, lakini ukizishusha chini ya nusu kila mara zinakufa mapema, kwa hiyo hesabu 2,400. Lithiamu ina 2,560, unatumia mpaka asilimia 90. Kazi ni ileile. Umri ndio tofauti. Jeli ina mizunguko (kuchaji na kutumia) mamia, lithiamu ya aina ya LiFePO4 maelfu. Chukua lithiamu.

Jibu 2: Hapo inveta imesahaulika. Ikila wati 30 bila mzigo wowote, kwa saa 13 ni 390Wh. Ongeza upotevu, unakaribia 1,850. Inatosha, ila pasi usiku hapana. Na tafadhali fundi asiiache chaja ya inveta kwenye mpangilio wa jeli! Chaji 28V, floti (volti ya kushikilia betri ikishajaa) 27V, ekwalaizesheni (chaji ya volti ya juu ya kusawazisha) izimwe. Volti ikipanda mno BMS (saketi ya ulinzi ndani ya betri) inakata, nyumba inaingia giza, lawama anabeba muuza betri. Fyuzi ya DC (umeme wa betri) ya 100A ikae karibu na chanya ya betri, waya 25mm². Breka ya AC (ya umeme wa nyumbani) usiweke hapo: cheche ya DC haikatiki kirahisi, breka inayeyuka.

Jibu 3: Kwenye awamu, ukiambiwa riba asilimia 2 kwa mwezi, uliza: ya mkopo wote au ya salio? Milioni 1.2 kwa miezi 12, ya mkopo wote ni 288,000. Ya salio, ukirudisha 100,000 ya mtaji kila mwezi, ni 156,000. Ukiangukia jeli, ibebe kwanza: 12V 200Ah ya kweli inapita kilo 50. Ya kilo 35 kibandiko kinadanganya.

Muulizaji: Asanteni sana. Paneli zitaijaza?

Jibu 2: Wati 600 × saa 4.5 za jua × 0.75 (kwa ajili ya upotevu) = kama 2,025Wh kwa siku, na friji inakula humo humo mchana. Siku za mawingu haijai. Ruhusu inveta ichaji kwa TANESCO pia, ukomo 30A.