Mwanangu wa kiume anapenda kujipikilisha na kubeba mtoto wa gunzi, nyie mngefanyaje?

MamaB_Ujiji
Habari za jioni wadau. Nina mtoto wa kiume anakimbilia miaka sita, yuko awali. Kazi yangu mimi dagaa, nashinda Kibirizi naanika, shule zikifungwa naenda naye. Sasa huyu mtoto mchezo wake ni kujipikilisha na mabinti wa pale, anaokota majani ya mwembe anayapanga mchangani mistari mistari, anayageuza moja moja kama navyogeuza mimi dagaa, na mgongoni kajifunga gunzi la mahindi na kipande cha kitenge, ndo mtoto wake huyo anaitwa Zawadi, anambembeleza kabisa. Mpira hataki, ukimlazimisha anasimama pembeni tu.

Juzi baba yake mdogo kaja nyumbani kamkuta hivyo, kamvua lile gunzi kalitupia jikoni moto unawaka, anamwambia we unataka kuwa demu? Wanawake wenzangu uani wakacheka. Mtoto hakulia. Ila toka siku hiyo kabla hajaanza kucheza ananiuliza kwanza, "mama, baba mdogo yupo?" Hilo swali linaniumiza jamani. Mume wangu yuko ziwani mpaka mwezi uwe mkubwa. Nimwache au nimzuie?

Mzee wa Mwanga
Binti yangu usimlaumu shemeji yako. Samaki mkunje angali mbichi. Sisi tumekua mvulana anachunga, anatengeneza gari la mabua, mambo ya kupika na kubeba watoto ni ya mabinti. Shuleni wenzake watamtesa na we hutakuwepo. Mpeleke akae na wanaume. Kuchoma gunzi kazidisha, hapo nakubali.

Mvuvi_Kgm
Mzee shikamoo, ila hapo sikubaliani na wewe. Mi niko kwenye dagaa mwaka wa 11 sasa, kule kambini hakuna mwanamke, ugali tunasonga wenyewe, vyombo tunaosha wenyewe, na kijana mgeni asiyejua kusonga ndo anayesumbua wenzake. Mafundi cherehani sokoni wengi si wanaume? Wanashona magauni ya harusi na hakuna anayewaita demu. Sasa mtoto akiigiza hayohayo kosa lake nini.

Mi nilikuwa nacheza mdako na dada zangu wawili, nilikuwa naujua kuliko wao. Mzee wangu akanikuta siku moja akanichapa mbele yao, nikaacha mdako na kukaa nao nikaacha. Leo tuna watoto wetu wote, tukikutana msibani tunasalimiana basi, stori hatuna. Ninachokumbuka mpaka leo ni dada mkubwa anaokota vile vijiwe huku analia.

Ticha_Tbr
Nafundisha awali huku Tabora. Darasani tuna kona ya nyumbani, kuna vifuu, vyungu na wanasesere, wanaingia wote, na wavulana wakiwa humo wanaongea kweli, hata wale ambao ukiwauliza swali mbele ya darasa hawajibu. Umri huo mtoto anaiga anachokiona, na wa kwako anamwona mama anaanika dagaa, aige nini kingine? Sheria ya Mtoto ya 2009 imeweka kucheza kwenye haki ambazo mzazi anawajibika nazo, pamoja na chakula na mavazi.

Mzee kasema watoto watamtesa. Ni kweli wanatesana, ila mwaka jana nilikuwa na mvulana kabandikwa jina baya, nikafuatilia limetoka wapi, limetoka kwa mzazi wa mwenzake. Mama usimzuie. Shemeji aambiwe, mtoto asiwepo.

MamaB_Ujiji
Asanteni, na mzee nimekusikia pia. Leo asubuhi nimemtafutia gunzi lingine nikalifunga kitenge kilekile kilichobaki. Kaliangalia, kaniambia "mama, huyu sio Zawadi", akanirudishia. Kaja kukaa na mimi tukageuza dagaa. Mume wangu akirudi nitamwambia aongee na mdogo wake yeye mwenyewe.