Naomba ushauri, stori za wazee wetu makuchu (watu wa mapenzi ya jinsia moja na wenzao) nizitunzeje?

Habari zenu wapendwa, niko Ujiji Kigoma. Kuna mzee wetu mmoja kuchu, sote tunamwita mama, macho yameanza kugoma na picha zake za ujanani ziko kwenye sanduku la bati uvunguni zimegandana kwa unyevu, ukizibandua sura zinabaki upande wa pili, inaniuma sana. Nimeanza kumrekodi kwa simu akisimulia maharusi waliokuwa wanawapamba enzi hizo (anacheka mpaka machozi) ila naogopa simu ikiangukia mikono mibaya ataumia yeye, kifungu 154 cha Kanuni ya Adhabu (kinachokataza ngono "kinyume na maumbile") ni miaka 30 mpaka maisha jela. Johannesburg wana GALA, kituo cha kumbukumbu za makuchu, toka 1997 wanatunza historia kama hizi, sisi je? Majina niyafiche? Sauti nihifadhi wapi? Mwenye uzoefu anisaidie jamani, mwenyewe anataka vijana wajue.