Tupeane uzoefu: jinzi za Levi's za mtumba, 501, 505 au 517, wewe huchagua vipi?

Mwanzilishi wa mada
Wadau, ukipita soko la mitumba la Toi, Nairobi, Jumamosi hukosi mtu aliyesimama mbele ya rundo la jinzi, kashika mbili zinazofanana, anageuza kibandiko cha kiunoni asome nambari. Moja 501, nyingine 505. Rangi ile ile, mguu ulionyooka, mfuko wa nyuma una mshono ule ule wa upinde. Muuliza muuzaji tofauti, atakwambia, "Zote ni Levi's, buda, chukua." Mimi niko upande wa 501 na sifichi. Napenda kwamba hufungwa kwa vifungo badala ya zipu, na napenda kuvaa nambari iliyoanza kutumika karibu 1890. Lakini ushabiki tuuache nje. Tuambie mwili wako ulivyo, kazi unayofanya, na ulichoishia kuchagua. Bei msilete, maana hutegemea saa uliyofika na viatu ulivyovaa.

Boda wa Kangemi
Kazi yangu ni kukaa. Kutwa nimepanua miguu juu ya pikipiki. Kwa hiyo cha kwanza ninachotazama ni kile kipande cha kutoka msambani hadi kiunoni. Kikiwa kifupi, ukiinama kidogo tu mgongo uko nje, na abiria anaona yasiyomhusu. Ndiyo maana 511 na 514 niliziacha, hukaa chini ya kiuno. 501 na 505 zote hupanda hadi kiunoni. Kati ya hizo nachukua 505 kwa sababu ya zipu. Baridi ya Julai, vidole vimekufa ganzi, umebanwa na haja kando ya Waiyaki Way, halafu uanze kufungua kifungo kimoja kimoja? Wapi!

Kuna mwenzangu wa stejini havai kitu ila Wrangler 13MWZ. Hiyo ilitoka 1947 kwa ajili ya wapanda farasi wa rodeo. Riveti zake, zile pini za chuma za kukazia mishono, ni bapa zisikwaruze tandiko, na mifuko ya nyuma imepandishwa ili mtu asikalie pochi. Farasi na pikipiki, hesabu ni ile ile.

Mama wa Umoja
Mimi navaa za kiume, 501, kwa sababu kitambaa ni kizito na mifuko ni mifuko kweli. Sokoni Gikomba hakuna chumba cha kujaribia, kwa hiyo naenda na dera, naivaa jinzi ndani kwa ndani, hakuna anayeona kitu. Wanaojaribu kwa shingo, ile ya kufunga kifungo na kuzungusha kiuno cha jinzi shingoni uone kama ncha zinakutana nyuma, wanapata kipimo cha kiuno tu. Shingo haina makalio, jamani. Mimi huchagua inayopita nyonga vizuri, kiuno kikibaki wazi nyuma nampelekea fundi abane.

Fundi wa Kariobangi
Mama wa Umoja, ungekuwa karibu ningekuajiri. Niwaambie ninavyoziona zikifika mezani.

Kwanza msiiamini lebo. Inasema W34, yaani kiuno inchi 34, naweka futi ya kupimia, napata 32. Hakuna aliyedanganya. Kuna 501 zinazouzwa mbichi, kitambaa hakijanyweshwa, yaani hakijafanywa kisinyae, kiwandani, mvaaji ndiye anayeifua mpaka imkae. 505 ilipoanza 1967 ilikuja tayari imenyweshwa, hubadilika kidogo. Sasa hiyo 501 ya mtumba imeshafuliwa na mtu huko Marekani, pengine kwa maji moto, pengine ikakaushwa kwa mashine. Nenda na futi mfukoni.

Pili, geuza pindo la chini. Likiwa na mshono wa mnyororo kwa ndani, mara nyingi urefu ni wa kiwandani. Ukiona uzi wa cherehani ya kawaida, huenda fundi fulani ameshapita hapo, na L32 ya kwenye lebo, yaani mguu wa inchi 32, ikawa hadithi.

Tatu, na hapa ndipo watu hunilaumu bure. Mguu napunguza. Kiuno nabana. Lakini kile kipande anachosema Boda, cha msamba hadi kiuno, siwezi kukiongeza, kitambaa hakipo. Kwa hiyo chagua kwa hicho, mengine niachie. Na nikipunguza mguu hupitia mshono wa nje, kwa sababu wa ndani umekunjwa ukashonwa mara mbili, kuufumua ni adhabu. Kama jinzi yako ni ile ya zamani yenye ukingo wa uzi mwekundu upande huo, ukingo unaondoka. Niambie mapema.

Comrade wa Ngara
517 kwangu, ile iliyopanuka chini, natoka na buti. Ila mimi ni mfupi, na nimeona ukiikata urefu, ule upana wa chini unaondoka na kipande kilichokatwa, unabaki na suruali isiyojulikana ni ya nini. Natafuta L30 hadi nipate.

Dada wa Ruaraka
Nimeshona kwenye kiwanda cha EPZ, eneo la viwanda vya kuuza nje, miaka hiyo ya AGOA, ile sheria ya Marekani ya kuingiza bidhaa za Afrika bila ushuru, oda za Marekani zikijaa. Wengi hawajui: vitambaa hupangwa tabaka juu ya tabaka na kukatwa kwa pamoja, na kisu kikiyumba kidogo, kipande cha juu na cha chini havitoki sawasawa. Halafu kila jinzi inapita kwenye ufuaji wake. Ndiyo maana ukiona mbili za nambari moja na saizi moja, zijaribu zote mbili. Siku moja nilikuta kwenye mtumba jinzi yenye lebo inayosema imeshonwa Kenya. Imeenda ng'ambo, imevaliwa, imerudi. Nilicheka peke yangu pale sokoni.

Mzee wa Jericho
Vijana mnabishana zipu na vifungo, rangi hamuiulizi. Nyuzi za wima ndizo zinazopakwa nili, tena nje tu, ndani ya uzi ni weupe. Kwa hiyo panaposuguliwa panafifia, na iliyovaliwa na mtu mwingine ina magoti yake yeye. Mistari ya magoti ikikaa chini ya magoti yako, aliyeivaa alikuwa mrefu kukushinda. Iache.

Boda wa Kangemi
Mzee, hiyo sikuwahi kuiwaza. Fundi, zipu ya 505 yangu inafunguka yenyewe nikikaa. Nibadilishe yote?

Fundi wa Kariobangi
Usibadilishe. Zipu ya shaba haifi upesi, kichwa chake ndicho kimelegea. Nakibana kwa koleo ukisubiri. Ukifika ukaambiwa iwekwe ya plastiki, ondoka.