Kabla hamjampa mwendeshaji mpya treni za abiria, semeni kwanza nani atakuja mpaka Mwisho wa Reli

Wakuu salaam. Naomba mnisome mpaka chini, leo nina hasira na sitaandika kifupi.

Kila baada ya muda linarudi lile wazo kwamba treni za abiria sasa wapewe waendeshaji binafsi, yaani reli ibaki ya serikali ila treni zenyewe, wahudumu na tiketi viwe vya kampuni. Na kila likirudi naona watu wanashangilia, oh ushindani, oh huduma itakuwa kama ya ndege, oh mashirika ya umma yameshindwa. Sawa. Mimi sijaja kubishana binafsi ni mzuri au ni mbaya. Mimi ni mtoto wa Kigoma, Mwisho wa Reli, swali langu ni moja na sijawahi kuona mtu analijibu: huyo mwendeshaji mpya atafika kwetu au ataishia Dodoma?

Maana tuambiane ukweli, hakuna mfanyabiashara anayelala akiota daraja la tatu la Tabora Mpanda. Wanachokitaka kinajulikana. SGR, ile reli mpya ya umeme, ilianza kubeba abiria Dar Moro Juni 2024, Julai 25 ikafika Dodoma, Agosti 1 Rais akaizindua, nauli ya kawaida Dar Dodoma ilianza na elfu 31, spidi mpaka kilometa 160 kwa saa, mtu anapanda asubuhi Dar anafanya shughuli zake Dodoma jioni anarudi kulala kwake. Nimeipanda, ni nzuri, nilitamani kulia kwa furaha na sioni aibu kusema. Sasa huo ndio mnofu. Hapo kila kampuni itakuja na suti na tai kuomba. Halafu ile reli ya zamani, yenye upana wa mita moja, kutoka Dodoma kwenda Tabora, pale inagawanyika moja Mwanza moja Kigoma, na Kaliua inachepuka kwenda Mpanda, huo ni mfupa. Mnofu akishapewa mtu, mfupa anaachiwa nani? Atajibu nani sisi tukiuliza treni iko wapi?

Na msiniambie naogopa kivuli, hili tushaliona kwa macho yetu. Mwaka 2007 serikali iliikodisha reli ya kati kwa RITES, kampuni ya India, kwa miaka 25, ndipo ikazaliwa TRL, kampuni ya kuendesha treni, RITES hisa asilimia 51 serikali 49, kazi wakaanza Oktoba. Reli yenyewe na mali za kudumu zikabaki RAHCO, kampuni ya serikali. Vichwa na mabehewa vikaletwa vya kukodi kutoka India, na anayekodisha ni huyo huyo mwenye 51. Hebu litazameni hilo taratibu. Ni sawa umefungua duka na mwenzako, halafu friji lake, mizani yake, pikipiki ya kubebea mzigo yake, vyote anakukodisha wewe na yeye mkiwa pamoja, na yeye ndiye bosi wa duka. Duka likipata faida mnagawana, duka likipata hasara yeye kodi ya friji lake anaidai palepale. Nani aliusoma mkataba wa namna hiyo akaona sawa akasaini? Mpaka leo nauliza nikiwa peke yangu kitandani, nani aliusoma?

Kilichofuata wafanyakazi wa reli wanakijua kuliko mimi. Mwaka 2008 migomo juu ya migomo, watu wanadai mishahara, mpaka serikali ikatoa hela ya kulipa mishahara ya kampuni ambayo mwenye nayo zaidi ya nusu ni mwingine. Mwisho wa 2009 mvua zikaja, mafuriko yakaikata reli kati ya Kilosa na Gulwe, safari zikasimama. Mwaka 2011 serikali ikachukua hisa zote. Miaka 25 ikaishia minne. Na hao tulioambiwa wameshindwa, wale wale wa TRL walipobaki na serikali yao, Oktoba 2012 ndio wakaanzisha treni ya mjini ya Stesheni Ubungo ambayo watu wa Dar waliipa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo, Mwakyembe. Na Desemba 2019 treni ya abiria ikarudi Moshi, Oktoba 2020 ikafika Arusha, baada ya watu wa kule kukaa zaidi ya miaka 20 wanaangalia reli imeota nyasi. Sasa huyu aliyeshindwa ni nani hasa?

Ngoja niseme kwa nini linaniuma hivi. Bi mkubwa wangu alitulea kwa mawese. Wengi mnaopita humu mawese mnayajua kwenye sahani tu. Mama alikuwa anakusanya kwa wakulima, anayajaza kwenye madumu ya lita 20, mdomo wa dumu anaufunika kwanza na nailoni, anakaza kifuniko, halafu anauzungushia ukanda aliokata kwenye tyubu ya baiskeli, kwa sababu dumu likivuja ndani ya behewa utagombana na treni nzima. Madumu sita mpaka nane, kila moja limeandikwa herufi yake kwa rangi nyekundu. Na kiroba kimoja cha migebuka mikavu, samaki wa ziwani kwetu, kwa ajili ya mteja wake wa Tabora. Basi hawachukui mzigo huo, na wakichukua nauli ya mzigo inamla faida yote. Treni ilikuwa ndio gari lake, ndio benki yake, ndio ada yetu ya shule.

Safari moja nilimsindikiza, nilikuwa kidato cha pili. Tumefika stesheni saa kumi jioni, pale ukutani kuna ubao mweusi umeandikwa kwa chaki kwamba treni itachelewa, hakuna saa hakuna siku. Sitasema ilikuwa mwaka gani na nani alikuwa anaendesha, kwa sababu sitaki uzi ugeuke wa kumtetea fulani na kumlaumu fulani. Tulilala pale siku tatu. Tatu wakuu. Akina mama wametandika khanga juu ya saruji, watoto wanaharisha, kila mtu anaegemea mzigo wake usiku asije akaibiwa. Siku ya pili ubao ukafutwa ukaachwa mtupu, na mimi nikatumwa niende nikaulize dirishani. Yule baba wa dirishani hakuwa mkali hata kidogo, aliniambia, "Mwanangu, kichwa kimechukuliwa kuvuta mizigo, na sisi tunasubiri kama nyie." Nikarudi nikamwambia mama. Hakusema kitu, akaanza kukagua kanda za tyubu dumu moja moja, anazikaza upya. Migebuka ilishaanza kupata unyevu, ikabidi aiuze palepale stesheni kwa bei ya kutupa.

Kichwa kimechukuliwa kuvuta mizigo. Hayo maneno sijayasahau na ndio kiini cha haya ninayoyaandika. Reli ya namna yetu pesa iko kwenye mzigo, kontena la shaba au saruji halilali stesheni likalia njaa wala haliulizi nauli imepanda kwa nini. Abiria wa daraja la tatu analipa kidogo, ana mtoto mgongoni, anashuka vituo vidogo vidogo. Ukiwa na vichwa vichache na mkataba wako hausemi lolote kuhusu abiria, utampeleka wapi kichwa chako kimoja kizima? Kila mtu mwenye akili ya biashara atakipeleka kwenye mzigo. Simlaumu hata. Namlaumu aliyeandika mkataba akamsahau mama yangu.

Majirani nao yamewakuta. Kenya na Uganda waliipa kampuni ya Rift Valley Railways reli zao kwa miaka 25 kuanzia Novemba 2006, wakaanza na kampuni ya Sheltam ya Afrika Kusini mbele, baadaye ikaingia kampuni ya Citadel ya Misri, wanahisa wanavutana huku reli inachakaa, 2017 Kenya ikauvunja mkataba. Watu wa Kisumu wakakaa miaka bila treni ya abiria mpaka Desemba 2021, na walioirudisha ni shirika lao la reli lenyewe.

Mtaniambia Ulaya wanaweza. Haya twendeni Ulaya. Uingereza ndio waliogawa treni zao za abiria vipande miaka ya 90, kila ukanda na kampuni yake kwa mkataba wa miaka kadhaa. Treni za mikoa ya kaskazini, Leeds, Manchester huko, wakapewa kampuni ya Arriva kuanzia Aprili 2016, ilipofika Machi 1, 2020 serikali ikazichukua kabla ya mkataba kuisha kwa sababu watu walishachoka na ucheleweshaji. Na 2024 bunge lao likapitisha sheria ya kuzirudisha hizo kampuni zote serikalini mkataba mmoja mmoja, treni za South Western, za kusini magharibi, zikaanza Mei 2025. Lakini kuna kitu walifanya tangu mwanzo ambacho hawa wanaotusifia ubinafsi hawakisemi. Kwenye mikataba yao imeandikwa treni ngapi kwa uchache zisimame kituo gani, hata vijiji ambavyo havina faida, na serikali inamlipa mwendeshaji ruzuku kwa safari zisizojilipa. Na mwendeshaji akianguka leo usiku, kuna chombo cha serikali kinachotakiwa kisheria kuendesha hizo treni kesho asubuhi, abiria anakuta treni iko pale pale, kilichobadilika ni jina la mwajiri. Sisi mwendeshaji akianguka anayeanguka naye ni yule aliyetandika khanga juu ya saruji.

Kwa hiyo ninachodai nakisema wazi. Anayetaka kuendesha abiria Dar Dodoma apewe na Tabora Kigoma na Kaliua Mpanda kwenye karatasi hiyo hiyo moja. Ukitaka mnofu beba na mfupa wake. Mkiona haiwezekani, basi kila tiketi anayouza kule kwenye faida ikatwe kiasi kiende kuendesha treni za huku, na kiasi hicho kitajwe hadharani. Idadi ya safari kwa wiki iandikwe, idadi ya mabehewa ya daraja la tatu iandikwe, na kifungu kabisa kinachosema kichwa cha treni ya abiria hakiondolewi kwenda kuvuta mzigo, akikiondoa analipa faini na abiria aliyelala stesheni anarudishiwa hela yake siku hiyo hiyo. Na asije na vichwa vya kujikodisha mwenyewe kama 2007. Aje na vyake kwa hela yake, au akodi kwa mtu baki kwa bei inayoonekana.

Halafu mkataba uwekwe wazi KABLA ya kusainiwa. Hapa ndipo damu inachemka zaidi. Reli hii ilifika Kigoma mwaka 1914, babu zetu ndio walioibeba mabegani vyuma na mataruma, kilometa zaidi ya 1,250 kutoka Dar. Kodi zetu ndio zinalipa mikopo ya SGR. Leo anayekuja kuikodi anakaa hotelini na watu kumi, wanasaini, sisi tunaoneshwa picha za kupeana mikono. Wabunge wetu wa Kigoma, Tabora na Katavi mko wapi? Hata mmoja tu asimame aulize abiria yuko ukurasa wa ngapi wa huo mkataba.

Najua kuna atakayekuja kusema subirini SGR ya Tabora Kigoma, mkataba wa ujenzi ulishasainiwa Desemba 2022, kilometa 506. Tunaisubiri, na tunaiombea. Lakini mama wa Nguruka mwenye samaki zake na mama wa Uvinza mwenye chumvi yake wanasafiri wiki hii, na treni yao ya wiki hii ni ile ya mita moja. Na hata hiyo SGR ikifika Kigoma, kama mwendeshaji ataruhusiwa kuchagua kituo anachokipenda, Nguruka itaiona inapita kwa kasi tu dirishani mwake.

Bi mkubwa sasa hivi magoti yanamsumbua, biashara ameacha, ila dada yangu ameirithi na yale madumu yenye herufi nyekundu bado anayo. Jana kanipigia simu usiku kaniuliza, "Kaka, nasikia treni inapewa mtu mwingine, na huyo mtu mwingine atachukua mizigo yetu?" Nimeshindwa kumjibu. Nimekata simu nikaja kuandika hapa.

Wazee wa karakana ya Morogoro, wa Tabora, madereva, magadi wa treni (walinzi wa safari), makarani wa stesheni mliokuwepo 2007 mpaka 2011, naomba mje mseme mlichokiona, jina la bandia linatosha. Na mwenye nakala ya ule mkataba wa RITES, hata kurasa mbili zilizopigwa picha kwa simu, aziweke hapa tusome wote kifungu cha abiria kiliandikwaje.